Lugha ya Mrithi: Uhakiki wa Masharti ya Ufadhili wa Masomo ya Urithi wa Utamaduni

Kila mwaka vijana wetu waliohitimu shahada ya kwanza katika historia, akiolojia, usanifu wa majengo, lugha na fasihi husoma kwa hamu matangazo ya nafasi za masomo ya ng'ambo. Miongoni mwao wako wanaotaka shahada ya uzamili katika urithi wa utamaduni, yaani elimu ya kutunza majengo ya kale, maandiko, vyombo vya makumbusho, ngoma, masimulizi na ujuzi wa mafundi. Matangazo hayo husomwa kwa tamaa na kwa haraka. Ni nadra kusomwa kwa uhakiki. Mwombaji hutazama tarehe ya mwisho, kiasi cha fedha na orodha ya hati zinazotakiwa, kisha huketi kujaza fomu. Walakini tangazo la ufadhili ni maandishi kama maandishi mengine. Lina msemaji na msemeshwaji, lina maneno yaliyochaguliwa na maneno yaliyoachwa, na lina imani yake juu ya elimu ni nini na mwenye elimu ni nani. Makala haya yanakusudia kuyasoma masharti hayo kama tunavyosoma maandishi yoyote yanayostahili kuhakikiwa, na kuuliza swali moja: yanamtaka mwombaji ajue lugha gani, na ni lugha gani hayamwulizi?

Ni haki kusema mapema kwamba sina nia ya kuwabeza wafadhili. Mimi mwenyewe nilipata shahada ya udaktari ng'ambo, na najua thamani ya maktaba iliyojaa, maabara iliyo tayari na mwalimu mwenye nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi wake. Aliyekunywa maji ya kisima hapaswi kukitia mchanga. Hata hivyo shukrani si kiapo cha kunyamaza, na mtu aliyefaidika na jambo ndiye anayeweza kusema, pasipo wivu, pale lilipopungua.

Mipango yenyewe si ya jana. Shirika la Ujerumani la kubadilishana wanachuo, lijulikanalo kwa kifupi DAAD, lilianza mwaka 1925. Mpango wa nafasi za masomo wa Jumuiya ya Madola uliazimiwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959, na wanafunzi wake wa kwanza walipokewa mwaka 1960. Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1983 mpango ambao leo huitwa Chevening, na Umoja wa Ulaya ukaleta Erasmus Mundus mwaka 2004. Upande wa masomo yenyewe, chuo kikuu cha Cottbus katika jimbo la Brandenburg, Ujerumani, kilianza mwaka 1999 kufundisha kwa Kiingereza shahada ya uzamili ya urithi wa dunia. Na vyuo vikuu vya Évora, Sapienza cha Roma na Thessaloniki vilishirikiana katika shahada ya sayansi ya vitu vya kale iitwayo ARCHMAT. Fedha si haba. Mwanafunzi wa Erasmus Mundus, kwa utaratibu wa miaka hii, hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, yaani euro 33,600 kwa jumla, tena halipi ada. Kwa kijana wa Kilwa au Lamu huo ni mlango mkubwa, na si ajabu kwamba wengi huubisha.

Sasa tuyatazame masharti. Shahada ya kwanza yenye daraja nzuri ni sharti la wote. Chevening hutaka pia saa 2,800 za kazi, ambazo ni kadiri ya miaka miwili, na hutaka mwombaji ataje masomo matatu anayoyataka katika vyuo vya Uingereza. Kisha huja lugha. Mfadhili asipouliza, chuo kitauliza, nacho hutaka ushahidi wa mtihani. Matokeo ya mitihani inayojulikana zaidi, IELTS na TOEFL, huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu. Baada ya hapo mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto huweza kuambiwa afanye tena, kana kwamba lugha ni samaki mbichi asiyefaa kulala hadi kesho. Hilo tuliache, kwa maana chuo kina haki ya kutaka mwanafunzi aelewe anachofundishwa. Jambo ninalotaka msomaji alione ni lile lisiloandikwa. Mwombaji anayekusudia kuandika tasnifu juu ya misikiti ya Kilwa Kisiwani, au milango ya Zanzibar, au hati za Lamu, haulizwi popote kama anajua Kiswahili. Akikijua, hapati alama moja zaidi. Asipokijua, hapungukiwi na kitu. Aliyezaliwa katika nyumba yenye daka na zidaka, na aliyeziona picha zake katika kitabu, wanasimama mbele ya kamati wakiwa sawa, isipokuwa yule wa pili huenda akawa na Kiingereza kizuri zaidi.

Yamkini mtu atasema kwamba urithi ni jiwe, na jiwe halina lugha. Hebu basi tulitazame neno lenyewe. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uliingia Kiswahili zamani, ukatupa kurithi, kurithisha, mrithi na mirathi. Katika matumizi ya Waswahili maneno hayo hayasimami pasipo watu. Mwenye mali amekufa. Warithi wake wanajulikana kwa majina na kwa mafungu. Na kabla mafungu hayajagawanywa ni sharti gharama za maziko zitolewe, madeni ya marehemu yalipwe, na wasia utekelezwe. Mirathi ni utaratibu wa wajibu kabla ya kuwa utaratibu wa mapato. Siku hizi limezidi kutumika neno turathi kwa maana ya urithi wa umma mzima. Ni neno zuri, nalo limetuondolea harufu ya maziko na ugomvi wa ndugu. Lakini nachelea kwamba limewaondoa na warithi pia. Tukisema urithi wa dunia, mrithi ni nani? Tukijibu kwamba ni kila mtu, tumekaribia kusema kwamba si mtu yeyote, na madeni hayana wa kuyalipa.

Hata sheria ya mataifa haikulisahau jambo hili. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 ulihusu zaidi majengo na mandhari. Mkataba wa mwaka 2003, uliohusu urithi usioshikika kwa mkono, uliitaja lugha kuwa chombo kinachoubeba urithi huo. Waandishi wa masharti ya ufadhili huutaja mkataba huo mara kwa mara katika maelezo ya masomo yao. Ajabu ni kwamba wameusifu mzigo, wakaliacha chombo gatini.

Nitatoa mfano mmoja ambao si wa nadharia. Majengo ya kale ya pwani yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu. Maji huingia na kutoka. Fundi akiupiga lipu ya simiti ya kiwandani, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hufanya kazi yake, na ukuta huoza ukiwa unaonekana mzima. Kila mwanafunzi wa shahada ya urithi hufundishwa jambo hili, naye huliandika katika tasnifu yake kwa Kiingereza au Kifaransa kizuri. Lakini fundi wa Kilwa au wa Unguja anasikia nini? Anasikia neno ukarabati. Neno hilo kwa Kiswahili cha leo hubeba kila kitu: kutengeneza barabara, kupaka rangi shule, kubadili bati lililotoboka, na kutunza mimbari ya karne nyingi. Lugha ya kitaalamu ya Ulaya hutenganisha kutunza kitu kisiharibike, kukirudisha katika hali yake ya awali, na kukitengeneza ili kitumike upya. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama msikiti utasimama. Sisi tunazo hifadhi, utunzaji, ukarabati, matengenezo na urejeshaji, lakini hatujazikatia mipaka, kwa sababu watu waliojifunza mipaka hiyo hawakutakiwa na mtu yeyote kuieleza kwa Kiswahili.

Neno saruji lenyewe lina funzo. Nchini Oman saruji ni jina la udongo uliochomwa na kusagwa, ambao wajenzi wa kale waliutumia katika mifereji ya maji na katika ngome. Kwetu jina limebaki na kitu kimebadilika: leo saruji ni ile ya kiwandani, inayouzwa kwa mfuko. Basi mtaalamu akimwambia fundi kwamba saruji itaua ukuta, na mzee aliyesikia sifa za saruji ya zamani akasema kwamba ndiyo iliyozijenga ngome, wote wawili wamesema kweli na hawakuelewana. Kosa la namna hii halisahihishwi na maabara. Husahihishwa na mtu anayejua historia ya neno pamoja na historia ya ukuta.

Msomaji asidhani kwamba nachezea maneno wakati mambo makubwa yanangoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kuharibika, na hayakuondolewa humo mpaka mwaka 2014, baada ya kazi iliyowahusisha wenyeji na mafundi wa hapo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliorodheshwa mwaka 2000. Ndani yake limo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Na siku ya 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyoliangusha. Nasema kwamba kazi hizi ni za hatari, zinafanywa na mikono ya watu wanaosema Kiswahili, na elimu inayozihusu inawekwa katika lugha wasiyoisoma.

Tena kuna yale yanayopotea pasipo kishindo. Mlango wa Mswahili una miimo, una kizingiti, una mfaa unaosimama katikati, una komeo na pete. Nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioorodheshwa mwaka 2001, ina daka la kupokea mtu kabla hajakaribishwa, ina msana, ina chumba kiitwacho ndani, na ukutani mna zidaka za kuwekea vyombo. Majina haya hayakupachikwa kama vibandiko juu ya bidhaa. Yanaeleza nani aweza kufika wapi, nani anamwona nani, na heshima ya nyumba inaanzia kizingiti gani. Pale Kilwa, jina la Makutani linasema wazi kwamba ni mahali pa makuta makubwa. Kwa hiyo liliwahifadhia wenyeji sura ya jumba hata pale makuta yalipopungua. Mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya kigeni hulazimika kuyaita haya yote ukumbi, chumba, kishubaka na lango, kwa maneno yanayofaa kwa nyumba ya Padova kama yanavyofaa kwa nyumba ya Lamu. Kipimo kimebaki, maana imetoka. Na kwa kuwa tasnifu yake ndiyo itakayonukuliwa na wajao, maneno yake yatageuka kuwa jambo lenyewe.

Historia ya maandiko yetu inaonyesha ubaya huu kwa njia nyingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingalitufikia kama yalivyo lau si Mwalimu Sikujua Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya William Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Kisha William Hichens akayatoa katika kitabu kilichochapwa Johannesburg mwaka 1940. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa hati, mchonga nakshi na mshairi, naye ndiye aliyewaandikia Hichens na Ernst Dammann tenzi nyingi ambazo leo zimo London na Ujerumani. Sasa tumfikirie Kijuma akijaza fomu ya leo. Hana shahada ya kwanza. Hana cheti cha Kiingereza. Hana barua za maprofesa, ingawa maprofesa walipata sifa kwa kazi ya mkono wake. Fomu ingemrudisha mlangoni. Sitaki kusema kwamba Kijuma alihitaji shahada ya uzamili. Nataka kusema kwamba elimu hii ilijengwa juu ya watu ambao masharti yake hayana mahali pa kuwaandika. Na kijana wa Lamu anayepewa nafasi leo hupewa, pamoja na mambo mengine, nauli ya kuzifuata karatasi za babu yake ng'ambo, akazisome katika chumba cha kimya, akaeleze yaliyomo kwa lugha ambayo babu yake hakuitumia kuyaandika.

Mtu asidhani kwamba karatasi zote ziliondoka. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati nyingi za Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Hazina ipo basi hapa nyumbani. Kinachokosekana ni mpango wa ufadhili unaomhesabia mwanafunzi kwamba amekwenda mbali anapokwenda Dar es Salaam.

Hapa yafaa tutazame jinsi Ulaya yenyewe inavyofanya inapokuwa nyumbani kwake, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Chini ya Erasmus Mundus palikuwapo mpango ulioitwa TPTI, wa urithi wa ufundi na viwanda, ulioendeshwa na chuo cha Paris 1 pamoja na vyuo vya Padova na Évora. Mwanafunzi alihama kutoka mji mmoja hadi mwingine, na alitarajiwa kufuata masomo kwa Kifaransa, kwa Kiitaliano na kwa Kireno. Wakuu wa mpango huo hawakuona taabu kumwambia mgeni kwamba hawezi kuelewa kiwanda cha Ureno pasipo Kireno. Walikuwa na haki kabisa. Ufundi huishi katika maneno ya mafundi, na nyaraka za mahali huandikwa kwa lugha ya mahali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nauliza tu kwa nini kanuni hii, iliyo kweli Évora, isiwe kweli Kilwa. Mwafrika akienda kusoma vinu vya Ulaya hutakiwa kuinama. Mtu wa nchi yoyote akichukua ufadhili kusoma misikiti ya Kilwa, kisiwa ndicho kinachotakiwa kuinama.

Kasoro ya pili imo katika lugha ya sababu. Mpango wa Jumuiya ya Madola, katika miaka hii ya karibuni, umewapanga waombaji chini ya mada sita za maendeleo: sayansi na teknolojia, afya, ustawi wa uchumi, amani na utawala, uwezo wa kukabili majanga, na usawa wa fursa. Zote ni mada njema. Utamaduni haumo miongoni mwake kwa jina lake. Kwa hiyo mwombaji wa masomo ya urithi hana budi kuuvisha urithi nguo ya mtu mwingine. Ataandika kwamba magofu yataleta watalii, na watalii wataleta ustawi; au kwamba ngoma italeta amani. Huenda hayo yakawa kweli. Lakini kijana aliyejizoeza kuutetea urithi kwa faida yake ya nje tu, atarudi akiwa ofisa wa kuuza mahali, na siku watalii wasipokuja hatakuwa na neno la kuwaambia wanakijiji kwa nini msikiti utunzwe. Mwenyeji wa Kisiwani anayo sababu yake: hapo wamezikwa watu wake. Sababu hiyo haina kisanduku katika fomu.

Kasoro ya tatu ni juu ya kurudi. Chevening humtaka aliyefadhiliwa arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili; Erasmus Mundus haina sharti hilo. Watu hubishana sana kama sharti la kurudi ni haki au ni kifungo. Naona ubishi huo umekosa shabaha. Sharti la kurudi humrudisha mtu. Halirudishi kazi yake. Tasnifu hubaki katika maktaba ya chuo cha ugenini, kwa lugha ya ugenini. Mzee aliyeketi siku tatu akimweleza mwanafunzi majina ya sehemu za jahazi hapati hata ukurasa mmoja anaoweza kusomewa na mjukuu wake. Katika hesabu ya mirathi hilo ni deni, na deni hulipwa kabla ya mafungu. Mtu amepata fungu lake, yaani shahada, ilhali deni bado halijalipwa.

Ni lazima uhakiki huu urudi nyumbani pia, maana si haki kuwalaumu wageni kwa kosa tunalolifanya wenyewe. Kati ya mwaka 1998 na 2009 uliendeshwa mpango wa AFRICA 2009, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa ICCROM, UNESCO na CRAterre, wa kuwafundisha watunzaji wa majengo ya Afrika kusini ya Sahara. Mafunzo yake yalifanyika kwa zamu katika Porto-Novo, nchini Benin, kwa Kifaransa, na Mombasa kwa Kiingereza. Ulikuwa mpango mwema uliofanyika katika ardhi yetu, na hata hivyo Mombasa, mji wa Muyaka, ulisikia habari za urithi wake kwa Kiingereza. Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha akiolojia na urithi hufanya vivyo hivyo. Mbunge huomba kura kwa Kiswahili, hakimu wa mahakama ya mwanzo husikiliza kesi kwa Kiswahili, lakini ripoti ya gofu la Kiswahili hungoja Kiingereza. Tukiwaomba wafadhili waiheshimu lugha yetu, watatuuliza tumeiheshimu wapi, na itatubidi tuwe na jibu.

Jibu lipo, nalo halihitaji maneno mengi. Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha kwa Kiswahili tangu hapo, na tasnifu za isimu na fasihi huandikwa kwa Kiswahili mpaka daraja ya udaktari. Hapo zamani palikuwa na watu waliosema kwamba sarufi haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu ya upungufu wa istilahi. Istilahi zilipatikana kwa sababu kazi ilianza. Kazi haikungoja istilahi. Upande wa majengo na vyombo tumepata bahati kubwa zaidi, kwa kuwa mafundi wanazo istilahi tayari, na kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kuziuliza na kuziandika.

Nazijua hoja za upinzani. Itasemwa kwamba wasimamizi wa ng'ambo hawakijui Kiswahili, kwa hiyo hawawezi kuipima kazi. Lakini vyuo hivyo vinao utaratibu wa zamani wa kuwaita watahini wa nje, na mtahini wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar aweza kuitwa kama anavyoitwa wa Leiden. Itasemwa tena kwamba Kiingereza huifikisha kazi mbali. Ni kweli, wala sisemi kiondolewe. Kazi ifike mbali, lakini ianze kwa kufika karibu. Mwisho itasemwa kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya kigeni kwa wengine: misitu ya Kaya, iliyoorodheshwa mwaka 2008, ni ya Wamijikenda, na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoorodheshwa mwaka 2006, imo katika nchi wanamokaa Warangi. Hoja hii naikubali yote. Haiipunguzi kanuni niliyoitaja; inaipanua. Lugha inayostahili kuulizwa ni lugha ya mrithi, nayo mara nyingine ni Kiswahili, mara nyingine ni Kigiriama au Kirangi.

Nini basi kifanywe? Naona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, fomu ya ufadhili imwulize mwombaji lugha ya mahali anapokusudia kupachunguza, na ujuzi huo uhesabiwe alama kama unavyohesabiwa ujuzi wa lugha ya chuo. Asiyeijua apewe muda na msaada wa kujifunza, kama wageni walivyojifunza Kireno. Pili, kila tasnifu juu ya urithi wa jamii fulani iwe na sura moja nzima kwa lugha ya jamii hiyo, pamoja na orodha ya majina ya vitu na maelezo yake, na nakala iwekwe mahali penyewe: katika makumbusho, skuli au maktaba ya hapo. Sura nzima nasema, wala si ufupisho wa mistari kumi usiomfaa mtu. Tatu, mipango ya pamoja ya vyuo vya Ulaya, ambayo huruhusu vyuo vya mabara mengine kushiriki, iwe na muhula mmoja katika chuo cha Afrika Mashariki, na muhula huo ufundishwe pamoja na mafundi na wazee wakiwa walimu wanaolipwa, wasiwe watu wa kuhojiwa na kuachwa. Nne, serikali zetu na vyuo vyetu vitenge nafasi zao wenyewe za shahada ya uzamili ya urithi kwa Kiswahili, hata zikiwa chache. Usiache mbachao kwa msala upitao: sera za wafadhili hubadilika kila serikali zao zinapobadilika, na mtu asiye na mkeka wake ataketi chini siku msala utakapokunjwa.

Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kuifanya lugha hii iweze kubeba elimu. Tangu wakati huo dunia imeikubali kwa sherehe: mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Sherehe ni jambo jema, lakini inapita kwa siku moja. Kipimo cha kweli ni kama kijana wa Songo Mnara, anayetaka kujua jinsi makuta ya kwao yalivyojengwa na jinsi ya kuyatunza, ataipata elimu hiyo katika lugha aliyoitumia kuuliza. Kwa leo, sehemu kubwa ya jibu analotafuta imo katika tasnifu zilizolipiwa na wafadhili, zimeandikwa vizuri, zimetahiniwa kwa haki, na zimewekwa kwenye rafu ambayo hawezi kuifikia.